Nyumbu huzaliwa Februari, sisi tunatazama Julai

Kuanzia Julai hadi Oktoba kila mwaka, nyumbu wa Mara hawakosi kwenye taarifa ya habari. Magari ya watalii yamejipanga ukingoni mwa mto, mamba wametulia majini, kundi linasitasita, kisha mmoja anajitosa na maelfu wanamfuata. Hapa Eldoret matangazo ya safari za wikendi za kwenda lango la Sekenani huko Mara huanza kabla hata shule hazijafungwa, na mtu akirudi huulizwa swali moja tu: je, uliwaona wakivuka?

Kuvuka mto ni sehemu ndogo ya mwaka wa nyumbu, na ndiyo sehemu wanayofia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka. Hasara hiyo inafidiwa miezi kadhaa kabla, mbali kusini, kwenye nyika za Ndutu nchini Tanzania, ambako ndama huzaliwa kwa malaki katika muda wa majuma machache. Wakenya wachache sana wamewahi kuuona msimu huo. Wachache zaidi wanajua kwamba nchi yetu nayo ilikuwa na nyika yake kubwa ya uzazi wa nyumbu, na kwamba sehemu kubwa ya nyika hiyo tuliilima ngano. Sisi wa Uasin Gishu tungepaswa kuielewa habari hiyo kuliko wengine, kwa kuwa kwetu yalitokea yayo hayo miaka sabini mapema.

ASUBUHI MOJA NDUTU

Ndutu iko pale Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inapopakana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna maziwa mawili ya magadi, Ndutu na Masek, yenye migunga kandokando. Ukishaipita hiyo migunga ni nyika tupu, nyasi zisizofika kifundo cha mguu, hadi macho yanapoishia. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri, Februari nyika hiyo huwa ya kijani kibichi na nyumbu wameifunika pande zote.

Kabla ya kuona lolote, mtu husikia. Madume na majike huguna bila kukatiza na ndama hujibu kwa sauti nyembamba, na wote wakiguna pamoja huwezi kujua sauti inatoka upande gani. Halafu inakuja harufu ya samadi, nyasi zilizopondwa na damu ya uzazi, harufu ambayo aliyekulia kwenye boma la ng'ombe huko Moiben au Kesses ataitambua mara moja.

Kijana wa Karatu aliyekuwa akituendesha alizima injini na kutuonyesha jike mmoja aliyejitenga hatua chache na wenzake. Miguu miwili ya mbele ya ndama ilikuwa imekwisha kutokeza, kwato zake zimevikwa utando laini mweupe unaomkinga mama asichanwe ndani. Jike akalala ubavu, akasukuma, akainuka, akazunguka, akalala tena. Si mbali naye bweha wawili walikuwa wameketi wakingoja kondo la nyuma.

"Mzee, tulia kwanza," kijana alimwambia mwenzetu aliyekuwa anainuka kwenye uwazi wa paa. "Akishtuka ataacha kuzaa akimbie."

Ndivyo ilivyo. Richard Estes, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuwachunguza nyumbu wa Ngorongoro miaka ya 1960, aliandika kwamba jike anaweza kuuzuia uchungu na kuondoka mbio, mradi kichwa cha mtoto bado hakijatoka. Kikishatoka, hana budi kumaliza hapo hapo alipo.

Huyu alimaliza. Ndama alidondoka nyasini, mwili wa rangi ya mchanga na uso mweusi, akatingisha masikio huku mama akimlamba. Akajaribu kusimama, akaangukia pua. Akajaribu tena, miguu ya nyuma ikainuka, ya mbele ikakataa. Safari iliyofuata alisimama kwa miguu yote minne, akiyumba, na dakika kumi zilikuwa bado hazijatimia. Hatua zake za kwanza alielekea kwenye gari letu. Ndama wa nyumbu aliyezaliwa punde hufuata chochote kikubwa kinachosogea, liwe gari au hata fisi, mpaka aishike harufu na sauti ya mama yake. Ndiyo maana dereva anayeijua kazi yake hawashi injini wakati huo, wala haliweki gari kati ya mama na mtoto. Mama alizunguka, akamkinga kwa ubavu, na wote wawili wakaingia ndani ya kundi wakitembea. Mnamo siku ya pili au ya tatu ndama kama huyo anaweza kukimbia sambamba na wakubwa.

Wengine hawafiki huko. Mchana uo huo tulimwona fisi akipita katikati ya kundi bila haraka, akitazama huku na huku mithili ya mnunuzi wa mifugo mnadani. Majike walimpisha tu. Alipomwona ndama aliyebaki nyuma alianza kukimbia, na mbio zile hazikuchukua hata dakika moja. Mama alirudi, akasimama kwa mbali akiita. Kundi liliendelea kula.

MAJIVU NA WINGI

Kwa nini wazae hapo, na kwa nini wote kwa mara moja?

Jibu la kwanza limo ardhini. Nyika hizo zimefunikwa na majivu ya volkeno yaliyotoka milima ya Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai ambao hadi leo ni volkeno hai. Chini ya udongo wa juu majivu hayo yameshikana yakawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haiwezi kulipenya, kwa hiyo nyasi fupi ndizo zinazotawala. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Tena mahali palipo wazi, simba hana pa kujificha. Kasoro ya nyika hiyo ni maji: mvua zikikatika, madimbwi hukauka au kugeuka chumvi, na nyumbu hulazimika kuondoka. Hapo ndipo mzunguko unapoanza, kuelekea magharibi na kaskazini, hadi wafike Mara katikati ya mwaka.

Jibu la pili ni hesabu. Karibu asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya majuma mawili au matatu. Mimba ya nyumbu huchukua takriban miezi minane na nusu, na majike karibu wote hupandwa kwa wakati mmoja, mwishoni mwa mvua za masika. Fisi, simba, duma na bweha hushiba, kisha hushindwa kula zaidi, na ndama walio wengi huponyoka. Estes alionyesha kwamba anayezaliwa katikati ya kundi kubwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko anayezaliwa kwenye kikundi kidogo, au nje ya majuma hayo. Kinga ya ndama ni wingi wa wenzake. Wingi ukipungua, kinga nayo hupungua.

Kuhusu wingi wenyewe, hesabu zilizofanywa kwa ndege tangu mwisho wa miaka ya 1970 zimekuwa zikitaja nyumbu kama milioni 1.3. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti na kompyuta kuhesabu walipata chini ya 600,000. Tofauti hiyo huenda imetokana na mbinu, na haithibitishi kwamba nusu yao wametoweka. Lakini inatosha kuwafanya wanaohusika wahesabu upya kabla ya kuridhika.

CHANJO YA MUGUGA

Mfugaji wa Eldoret ana sababu yake ya kuifuatilia habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikamaliza ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Ugonjwa huo ulibaki miongoni mwa wanyama pori kwa miongo mingi, ukiua ndama mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya mwaka 1961 iliwapata nyumbu kama 260,000 pekee katika Serengeti yote.

Kilichobadilisha mambo kilitoka Kenya. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Iliyochanjwa ilikuwa mifugo. Hakuna aliyemdunga nyumbu sindano. Lakini ng'ombe walipoacha kuugua, wanyama pori nao waliacha kuambukizwa, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa wamefika milioni 1.3. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Yule anayetazama kivuko cha Mara leo anatazama matunda ya ng'ombe waliochanjwa.

Deni hilo la nyumbu kwa ng'ombe lina upande wa pili. Plowright huyo huyo aligundua kwamba nyumbu hubeba kirusi kisichowadhuru wao lakini kinachoua ng'ombe, na kwamba hatari kubwa iko kwa ndama wao wa miezi ya mwanzo. Wamaasai walilijua jambo hilo kabla ya maabara. Msimu wa nyumbu kuzaa huwahamisha ng'ombe kwenda nyanda za juu, wakayaacha malisho bora ya mwaka kwa wageni hao. Anayewalaumu Wamaasai kwa kutowapenda nyumbu na ajiulize iwapo yeye angekubali kuuacha uwanja wake wa malisho kila Februari bila kulipwa chochote.

LOITA ILIVYOLIMWA

Nyumbu wa Serengeti si wote. Kenya ilikuwa na kundi lake, waliokuwa wakizaa katika nyika za Loita, kaunti ya Narok, kati ya Januari na Machi, na kuhamia Mara wakati wa kiangazi. Aliyeandika kwa kina jinsi walivyopungua ni Dkt Wilber Ottichilo, ambaye wasomaji wengi wa magharibi wanamjua kama gavana wa Vihiga. Kabla ya siasa alikuwa mtaalamu wa ikolojia, na shahada yake ya uzamifu ilihusu wanyama wa Mara. Yeye na wenzake walionyesha kwamba nyumbu hao walikuwa kama 119,000 mwaka 1977. Mwaka 1997 walikuwa wamebaki kama 22,000.

Katika miaka hiyo ishirini ujangili ulikuwepo, na ukame pia. Lakini sababu kuu waliyoitaja ilikuwa ngano. Katikati ya miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano katika eneo hilo yalikuwa kama hekta 5,000. Kufikia 1995 yalikuwa kama hekta 50,000, mengi yakiwa yamekodishwa kwa wakulima kutoka nje, na ekari zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zile ambazo nyumbu walizipenda: tambarare, zenye rutuba, zisizo na miti. Mzee mmoja tuliyesafiri naye, mkulima wa ngano kutoka Moiben, aliitazama nyika ya Ndutu kwa muda akasema trekta lingepita humo toka asubuhi hadi jioni bila kukutana na kisiki. Hakuwa anatania. Jicho la mkulima na haja ya nyumbu huangukia ardhi ile ile.

Karibu na Nairobi hali haikuwa tofauti. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Mbuga ya Nairobi na nyika za Athi na Kaputiei walikuwa karibu 27,000 mwaka 1978. Mwaka 2011 hawakufika 3,000. Huko kilichowafungia njia ni ploti, viwanda na seng'enge.

KABLA YA SISI KUWA GHALA LA NGANO

Msomaji wa Eldoret akidhani haya ni mambo ya Wamaasai, na akumbuke ardhi aliyosimama juu yake. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda kutoka Nakuru kwa magari ya maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu. Waliukuta uwanda wa nyasi uliojaa kongoni, punda milia, taya na twiga. Novemba 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka ikulu ya Marekani mwaka huo huo, aliwinda katika uwanda huu, na karibu na Sergoit akawatazama Wanandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Kitabu alichoandika baadaye kinauelezea uwanda wetu kama mtu anavyouelezea Mara leo.

Plau ilifanya kazi yake haraka. Mahali palipokuwa Shamba Nambari 64 pakaota mji wa Eldoret, na pande zote pakawa ngano na mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 twiga wa mwisho wa uwanda huu, wale wenye miguu isiyo na madoa, walikuwa wamebaki kwenye shamba moja la ekari 18,000 huko Soy, na shamba lenyewe lilikuwa linagawanywa kwa wasio na ardhi. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama wa kike kutoka hapo, wakampa jina Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata. Kituo cha Twiga ambacho watoto wa shule wa Nairobi hukitembelea kilianzia kwa twiga wa Soy. Wengine walihamishiwa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mtoto wa Soy akitaka kuwaona twiga wa kwao leo, hana budi kupanda matatu.

Silaumu waliopewa ardhi. Mwenye njaa ya shamba hawezi kuambiwa ampishe twiga. Lakini gharama ilikuwepo, na hakuna aliyeiandika kwenye hesabu za ngano. Sasa Narok na Uasin Gishu ndizo kaunti zinazoongoza kwa zao hilo, na bado Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya ngano inayokula.

KILICHOBAKI

Loita haijalimwa yote. Tangu katikati ya miaka ya 2000, wenye ardhi kuzunguka Mara wameunda hifadhi za jamii, kama Olare Orok mwaka 2006 na Naboisho mwaka 2010, ambapo kila mwenye shamba hulipwa kodi ili aiache ardhi wazi na kulisha mifugo kwa utaratibu. Huo ni mpango unaomjibu Mmaasai swali lake: ukinitaka niwaachie nyumbu malisho, nitalipwa nini? Udhaifu wake ni kwamba fedha hutegemea watalii, na mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, kodi hizo ziliyumba. Wakati huo huo seng'enge zinaongezeka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walionya kwamba zinaweza kuivunja ikolojia ya Mara kwa kasi.

Upande wa Tanzania, tishio kubwa lilikuja mwaka 2010 serikali ilipotangaza barabara kuu itakayokata kaskazini mwa Serengeti. Shirika la Nairobi, African Network for Animal Welfare, lilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha, na Juni 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba kujenga barabara ya lami mahali hapo kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Raia wa nchi moja waliitetea hifadhi ya nchi jirani na wakasikilizwa. Kwa Loita hatuhitaji hata kuvuka mpaka.

Anayetaka kujionea mwenyewe, safari inawezekana. Kutoka Eldoret unapita Kapsabet, Kisumu, Kisii na Migori hadi Isebania, kisha Tarime na Bunda, uingie Serengeti kwa lango la Ndabaka. Njia nyingine ni Namanga, Arusha na Karatu. Mpaka kati ya Mara na Serengeti kule Sand River haujafunguliwa kwa watalii tangu 1977, kwa hiyo usidanganywe na ramani. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, na ukifika kodi gari la Tanzania lenye dereva wa huko. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni wa Ulaya. Likizo fupi ya muhula wa kwanza huangukia karibu na msimu wenyewe, ingawa mvua ikichelewa nyumbu nao huchelewa, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka.

Na asiyeweza kwenda ana neno la kusema akiwa hapa hapa. Madiwani wa Narok, Wizara ya Utalii na wakulima wanaokodi mashamba huko wanapaswa kusikia kutoka kwa wapiga kura na wanunuzi wa unga kwamba wenye ekari zilizosalia Loita walipwe kodi inayoshindana na ya ngano, na kwamba njia za nyumbu zichorwe kwenye mipango ya ardhi kabla seng'enge haijazitangulia. Uasin Gishu haikupata nafasi ya kuamua. Loita bado inayo, na kila msimu wa kupanda unaipunguza.